Niliandika Jina Langu kwenye Damu ya Modesta

Wauguzi wenzangu, na wengine mtakaosoma haya, msianze kunionea huruma mapema. Ni kweli niliugua, na nilibakiza kidogo tu nife. Lakini kabla ya kuugua nilikuwa na wivu, na wivu ndio ulionichelewesha kutibiwa. Nikiuficha huo, ushuhuda wangu utakuwa nusu.

Naitwa Getruda, lakini wengi wananiita Mama Shija. Ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya kimoja huku Nyang'hwale, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kharumwa. Nimefanya kazi hapo miaka kumi na moja. Leba ilikuwa yangu. Ufunguo wa kabati la dawa nilikuwa nauvaa shingoni, na mama akifika na uchungu, hata mlinzi wa getini alimwambia, "Nenda kwa Mama Shija." Nilikuwa na mwili wa kazi. Nilizalisha watatu katika zamu moja, nikarudi nyumbani nikasonga ugali wa watu wanane bila kuketi.

Ndipo akaja Modesta. Binti wa Ushirombo, amelelewa karibu na misheni, mpole, sauti ya chini, meno meupe. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo dada," mbele za watu, na kila shikamoo yake ilinizeesha mwaka mmoja. Hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililoniuma. Ningempata na kosa ningepumua.

Kabla hata hajamaliza mwaka, wajawazito walianza kufika kliniki wakiuliza, "Sista Modesta yupo leo?" Nikiwaambia hayupo, wanasema watasubiri. Wanasubiri nini na mimi nimesimama pale? Kisha wakaanza kuwapa watoto jina lake. Huku kwetu mama akizalishwa vizuri humpa binti jina la mkunga wake. Mimi miaka kumi na moja yote nilikuwa na Getruda mmoja, na huyo baba yake alikuja kumbadilisha. Modesta alikuwa na Modesta watatu! Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Akacheka. Sikuongea naye siku mbili.

Ugonjwa ulianza chini kwa chini wakati huohuo. Hedhi yangu ya siku nne ikawa ya siku saba, kisha kumi. Damu ilitoka kwa mabonge. Nilivaa pedi mbili kwa pamoja, na sweta nikalifunga kiunoni hata jua likiwa kali, isionekane nyuma ya gauni jeupe. Kutoka stoo hadi leba ni hatua chache tu, lakini nilifika nikihema. Moyo ulidunda hadi shingoni. Kucha zikabonyea katikati. Midomo ikawa ya kijivu, nikaanza kupaka rangi nyekundu, na wenzangu wakanong'onezana kwamba Mama Shija sasa anashindana na wasichana. Walikuwa wamekosea sababu tu.

Tena nikaanza kula pemba, ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni kwa mafungu. Harufu yake ilinivuta hadi mate yakanijaa mdomoni. Mimi, niliyekuwa nawagombeza wajawazito kwa udongo huohuo.

Siku ya kwanza kuanguka nilikuwa kliniki nawafundisha kina mama kuhusu upungufu wa damu. Nacheka ninapoandika, lakini siku ile haikuwa ya kucheka. Nilikuwa nasema, "Na pemba msile, inawamaliza," masikio yakaanza kuvuma, kuta zikawa nyeupe, na nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni na miguu yangu imeinuliwa juu ya benchi. Bonge la pemba lilikuwa limenitoka mfukoni. Mama mmoja aliliokota akanirudishia kwa adabu kabisa, mikono miwili.

"Sista ana mimba," wakasema nyuma. Nikawaacha waseme. Mimba ilikuwa afadhali.

Mara ya pili nilianguka wodini nikitandika kitanda. Mganga wetu mfawidhi, Dokta Masanja, ni mtu asiyependa maneno mengi. Akaniita.

"Mama Shija, umepima wingi wa damu lini?"

"Niko sawa, Dokta. Sikula asubuhi."

"Mara zote mbili hukula asubuhi?"

Nilikaza fundo la sweta kiunoni. Nilijua akipata jibu la kweli ataniondoa leba siku hiyohiyo, na nilijua atakayepewa ufunguo. Macho yangu nilikuwa nimeyaangalia kwenye kioo, ukope wa ndani umepauka kama karatasi. Wagonjwa wangu nilikuwa nawapa rufaa kwa ukope wa namna ile.

Dokta akaagiza wote wa wodi ya wazazi tupimwe, ili nisione nimeonewa. Ilikuwa Alhamisi. Sasa sisi wauguzi tuna tabia moja mbaya, na wenzangu mnaijua. Mgonjwa tunamwandikia jina kwenye chupa palepale mbele ya macho yake. Sisi kwa sisi tunachomana sindano huku tunapiga soga, chupa tunazilaza kwenye trei, na majina tunaandika baadaye. Modesta alinitoa damu mimi, nami nikamtoa yeye. Kabla hajashika kalamu, mama mmoja akapiga kelele leba. Modesta akatoka mbio, akaniacha na chupa mbili.

Nilizitazama. Damu yake ilikuwa nzito, nyekundu ya kuiva. Yangu ilikuwa nyepesi kama juisi ya rozela iliyoongezwa maji. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu hata damu. Nikachukua kalamu. Kwenye yake nikaandika Getruda. Kwenye yangu nikaandika Modesta. Sitamsingizia shetani, kwa sababu mkono haukutetemeka na mwandiko ulikuwa mzuri.

Majibu yalitoka mchana. Mimi gramu kumi na tatu na nusu. Modesta gramu tano.

"Wewe unatembeaje?" Dokta Masanja alimuuliza.

"Dokta, mimi sijisikii vibaya kabisa," alisema Modesta, akajitazama viganja.

"Nenda kalale. Hakuna kazi. Jumatatu tunarudia kipimo, na ndugu zako waanze kujiandaa kutoa damu."

Alinikabidhi zamu yake ya Ijumaa huku akiniomba radhi kwa kunichosha. Nilifurahi. Neno ni hilo, sina jingine. Nilifurahi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekuja kunijulia hali. Nilipomwambia damu yangu ni nzuri, akatikisa kichwa. "Damu nzima, na mtu anaanguka? Huo ni mkono wa mtu, mwanangu. Kazini nani anataka nafasi yako?"

Ninyi mnaoishi huku mnajua neno kama lile linaweza kuishia wapi. Watu wamechomewa nyumba kwa neno kama lile. Nilitakiwa niseme hapana, mayu, mama yangu, hakuna. Badala yake nikasema, "Yupo mmoja." Jina sikulitaja, ila mlango niliuacha wazi.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa leba peke yangu na Nyamizi, mke wa mchimbaji, uzazi wake wa kwanza. Alisukuma vizuri, msichana jasiri. Mtoto alitoka akilia, wa kiume. Nilibana kitovu, nikakata, nikamwinua nimlaze kifuani kwa mama yake. Hapo masikio yakaanza kuvuma.

Niliijua sauti ile. Nilikuwa na muda wa pumzi moja, na katika pumzi ile nilijua kila kitu: kwamba naanguka, kwamba mikononi nina mtoto wa mtu, kwamba mtu mwenye damu ya kusimama hapa nimemlaza nyumbani kwa kalamu yangu. Niliegemea kitanda ili nikianguka nianguke upande wa Nyamizi. Mengine nilisimuliwa. Mtoto aliteleza, Nyamizi akambana kwa mapaja, akamdaka mkono kwa mkono wake mmoja, huku akipiga ukunga, "Mayoo! Sista amekufa! Mayoo!"

Nyumba za watumishi ziko nyuma ya wodi. Aliyefika wa kwanza ni Modesta, ndala mguuni, kitenge kifuani. Alimkuta Nyamizi kondo la nyuma halijatoka na damu imeanza kumwagika. Alimshughulikia yeye kwanza, akamwokoa, na ndivyo inavyotakiwa. Halafu akaniinamia. Nilikuwa nimeanza kusikia lakini siwezi kusema. Alinivuta ukope, akatazama kiganja changu, akakiweka kando ya chake.

"Dokta," alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "mwenye gramu tano ni huyu."

Walinipeleka hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Mume wangu alikaa upande mmoja, Modesta upande wa pili ameshika dripu. Njia nzima nilijifanya nimelala. Kufika kule gramu zilikuwa nne na kitu. Kundi langu ni O, na benki ya damu ilikuwa na chupa moja tu. Mume wangu kundi lake halikufaa. Modesta naye ni O kama mimi, akanyoosha mkono.

Baadaye nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, amekaa anakunywa soda baada ya kutoa, na wauguzi wa kule, waliomjua kwa nusu saa tu, wanacheka naye kama wamesoma pamoja. Damu ilikuwa inanisaidia, na bado nikamwonea wivu. Sijui mtu wa namna gani anafanya hivyo, ila ndiye mimi.

Alikuja akakaa kando ya kitanda. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua maji.

"Uliandika wewe?" aliuliza.

"Niliandika mimi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Nilitegemea alie, au anitukane. Aliunyoosha mpira wa dripu yangu uliokuwa umejikunja.

"Nilimpigia mama Ushirombo jana," alisema. "Nilimwambia nina gramu tano. Unajua dada yangu alikufa kwa kukosa damu, akiwa na mimba? Mama hajala tangu jana. Amekesha anapiga simu kwa wajomba waje kunitolea damu." Akainuka. "Ngoja nimwambie sifi."

Sikujua habari za huyo dada. Mwaka mzima nilichunguza meno yake na sauti yake, sikuwahi kumuuliza ana ndugu wangapi.

Kipimo cha picha kilionyesha uvimbe kwenye kizazi. Walinifanyia upasuaji nilipopata nguvu. Daktari alinionyesha kwenye beseni vinyama vitatu vigumu, mfano wa viazi mviringo. "Hivi ndivyo vilivyokuwa vinakunywa damu yako," alisema. Nilimeza vidonge vya damu miezi sita, tumbo linasokota, choo cheusi kama mkaa. Hamu ya pemba iliisha yenyewe, kwani ilikuwa inatokana na damu kupungua. Kucha zimenyooka. Siku hizi napanda ngazi huku naongea.

Lakini kupona mwili kulikuwa rahisi. Kwa Dokta Masanja nilikwenda kwa miguu yangu, nikaandika maelezo kwa mwandiko uleule mzuri. Nilipewa onyo la barua, nikaondolewa leba, nikapelekwa chumba cha chanjo, na ufunguo nikauvua shingoni mwenyewe. Mama mkwe nilimwambia, "Mkono wa mtu ulikuwepo, mayu, ila ulikuwa wangu." Nilirudia mara tatu ndipo akaelewa, akaketi chini. Nyamizi nilimfuata kwake kumwomba msamaha. Alinisikiliza, akanikaribisha uji. Mtoto hakunipa nimshike, nami sikumwomba.

Na Modesta? Watu wakisikia ushuhuda wanataka tuwe tumekumbatiana. Hatukukumbatiana. Siku niliporudi kazini nilimpigia magoti pale stoo kati ya maboksi ya glovu. Aliniambia, "Inuka dada, sakafu ni baridi na wewe una kidonda. Nimekusamehe. Lakini chupa yako nitaandika mimi."

Ndivyo inavyofanyika hadi leo. Kila baada ya miezi mitatu ananiita. Anaandika kwanza jina langu kwenye chupa tupu, ananionyesha nilisome kwa sauti mbele ya wenzangu, ndipo ananichoma. Mwanzoni nilijisikia kama mwizi aliyefungwa kengele. Mwisho wodi nzima ikaiga, sasa hakuna mtumishi anayetolewa damu kabla ya jina lake kusomwa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Dokta, namshukuru mume wangu aliyefua mashuka yangu bila kumwita mtu amsaidie. Namshukuru Nyamizi kwa mkono wake mmoja. Na ninyi wauguzi wenzangu mnaopima damu za watu kutwa nzima huku sweta zimefungwa kiunoni, nendeni mkapimwe. Msiogope aliye nyuma yenu kwenye zamu. Kama ana nguvu kuliko wewe leo, mwache asimame, wewe ukalale upone.

Wivu sijapona. Jana mama mmoja alikuja dirishani kwangu kwenye chanjo akauliza, "Sista Modesta yupo?" Neno "hayupo" lilinifika mdomoni kama zamani. Nikavuta pumzi, nikatoka nje, nikamshika mkono yule mama, nikampeleka mwenyewe hadi mlango wa leba.