Kamera Mbili za Macho Mawili

Mume wangu alipiga picha pale Majengo kwa miaka mingi. Picha za pasipoti, za kipaimara, za harusi. Hizo ndizo zilizotulisha. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye kamera mbili kuukuu. Kila moja ilikuwa na lenzi mbili zilizokaa sambamba kama macho ya mtu, na kila ukibonyeza unapata picha pacha. Ukizitia pacha hizo kwenye kitazamio cha matundu mawili, kila jicho linaona ya kwake, na kilichopigwa kinainuka, kinakuwa na mbele na nyuma, kama vile umefungua dirisha.

Moja, ya chuma, aliachiwa na mtawa mzee wa Peramiho aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ya pili, ya plastiki ngumu nyeusi, aliipata Dar es Salaam kwa fundi wa kamera. Ndani ya kila lenzi ya ile ya chuma mlikuwa na vioo vinne. Ya plastiki, vitatu.

"Tofauti ni kioo kimoja," aliniambia, "lakini tazama pembeni."

Kweli, picha ya kamera ya chuma ilikuwa kali hadi kwenye kona, jani kwa jani. Ya plastiki ilikuwa safi katikati tu, pembeni vitu vinalegea kama mafuta juani. Mimi niliipenda hiyo, kwa rangi zake zenye joto. Tulibishana hata mezani, na binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, alitucheka.

"Nyinyi mnagombania kamera kama watu wanaogombania shamba," alisema.

Juni moja, baridi ikiwa imekaza, baba yake aliamua kuumaliza ubishi. Alimsimamisha uani kwetu Ruhuwiko, nyuma yake lundo la mahindi, mbali kabisa milima ya Matogoro. Akamwambia anyooshe mkono mbele akiwa ameshika hindi, ili pawe na kitu cha karibu, cha kati na cha mbali. Alipiga kwa ile ya chuma, kisha kwa ya plastiki, naye mtoto amesimama palepale, anatetemeka ndani ya sweta la shule. Mikanda ya picha ilikwenda Ulaya na padri aliyekuwa anakwenda likizo, maana hapa hatukumpata wa kuisafisha.

Picha zilirudi baada ya mazishi. Binti yetu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Tulishazoea kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa. Safari ile hakuruhusiwa. Padri alizileta mwenyewe, akaziweka mezani, akakaa nasi. Mume wangu hakuzigusa mpaka masika yalipokwisha. Siku alipojikaza akaanza na ya chuma. Alitazama, akanipa kitazamio. Mwanangu alikuwa pale. Mkono wake ulitokeza mbele hata nami nikainua wangu kuupokea, nikakuta hewa.

Ikawa desturi yetu Jumapili tukitoka misa.

"Ya chuma inaonyesha mpaka kope zake," alikuwa akisema.

"Ya plastiki inamwonyesha yeye," nilikuwa nikimjibu.

Ubishi ule ndio uliotuwezesha kumtaja. Bila kamera tulishindwa.

Mwaka juzi alianza kuvigonga vikombe akitaka kuvishika. Akimimina chai, inamwagika kando. Nikampeleka kwa daktari wa macho, kijana mpole aliyemwamkia kwanza, kisha akamweleza bila kuzunguka.

"Mzee, hii ni presha ya jicho. La kushoto limeshakufa, halitarudi. Tulilinde lililobaki."

Jumapili iliyofuata alichukua kitazamio kama kawaida. Alitia picha ya chuma, akatazama sana. Akatia ya plastiki. Akarudia ya chuma.

"Hebu nipanguzie hivi vioo," aliniambia.

Nikavipangusa kwa kitambaa laini. Akatazama tena.

"Kope naziona," alisema. "Mahindi nayaona, milima naiona. Ila yeye amerudi nyuma. Amekuwa picha tu."

Nilichukua kitazamio, nikakaa karibu naye kwenye kochi.

"Ngoja nikutazamie, baba."

"Mkono umetokeza?"

"Umetokeza."

"Mpaka wapi?"

Niliweka kiganja changu kifuani pake. "Mpaka hapa."

Hapo akalia. Kaburini hakulia, watu walimsifu kwa uvumilivu, mimi nikamwogopea. Nilimwacha alie. Jirani alibisha hodi, nikamwomba kwa upole arudi baadaye, nikafunga mlango.

Siku hizi hashiki kitazamio, namtazamia mimi kila Jumapili. Habari za lenzi haulizi tena. Anauliza sweta lilikuwa rangi gani, kama upepo ulikuwa unavuma, kama mtoto anaonekana kusikia baridi. Namweleza ninachokiona. Yapo maswali ambayo picha haina majibu yake, na hapo namwambia sijui, naye anaitikia kwa kichwa.