Daftari la Tata Kankolongo

Polycarpe Kisimba alifundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule za sekondari za Kolwezi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwona amekaa au amenyamaza. Mtu wa mdomo, bwana, na mtu wa ubao. Basi korona ilipofunga shule, mwezi wa tatu mwaka 2020, alipigilia ubao wake wa zamani kwenye ukuta wa sebule, mtaani kwake Manika, akasimamisha simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaita darasa lake la sita, la mwisho wa sekondari, kwa video. Watoto hao walikuwa wanangojewa na mtihani wa serikali.

"Korona imefunga mulango, haitafunga hesabu!" akasema.

Siku ya kwanza waliingia thelathini na wawili. Wiki ya tatu, tisa. Huyu mega za intaneti zimeisha, yule simu ni ya mama anayeuza sokoni, wengine walishakwenda kuosha mawe ya machimbo. Mwezi wa tano akabaki mmoja tu: Glodie Mbelu, binti wa tata Kankolongo, mzee muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kamera yake ilifungwa, sauti yake pia, kwa amri ya Polycarpe mwenyewe, ili mega zisikimbie. Lakini kila asubuhi saa nne yupo.

"Glodie, uko?"

Alama ya kidole gumba ikatokea kwenye kioo.

"Umeelewa?"

Gumba.

Mke wake, mama Tatiana, alimcheka: "Unapigia ukuta kelele, baba." Aka! Polycarpe akachukua chaki nyingine. Moyoni alishaapa kwamba huyu mmoja atapata diploma, na akiipata, miezi hii yote haitakuwa imetupwa. Akafundisha kwa nguvu zake zote, siyo kwa Kifaransa cha kitabu, bali kwa Kiswahili cha nyumbani, polepole, kidole kikigonga ubao, mpaka koo likakauka. Jambo hilo alijivunia sana.

Mwezi wa nane shule zikafunguliwa kwa darasa la sita peke yake, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mtihani. Polycarpe akaingia na barakoa yake, macho yakimtafuta Glodie. Akamwita ubaoni, akampa mlinganyo mwepesi kabisa, makusudi, ili wale watoro waone aibu. Glodie akashika chaki. Akasimama. Akaendelea kusimama.

"Yo! Mutoto, miezi mitatu nilifundisha weye peke yako! Ulikuwa wapi?"

Msichana akaanza kulia. "Prof, simu kwetu ni moja. Papa anaendaka nayo mbali, Mutshatsha, kuleta makala, juu ya vile bateja banamupigiaka. Ni yeye alikuwa anafwata masomo. Anaandika, akirudi siku ya posho, mwisho wa juma, mi nasoma. Lakini kioo ya simu ilikufa, ilibakia tu kipande ya chini, fasi ya kufinya gumba. Anasikiaka tu sauti."

Akatoa daftari. Kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vyeusi vya makala. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeacha shule mapema, na hakuna neno lililorukwa:

"Prof anasema, tunakamata hii, tunaileta huku. Hii na hii zinakatana. Muone vizuri. Inabakia nini? Inabakia hii. Hii ndiyo jibu. Glodie, umeelewa? Nimefinya."

Polycarpe akageuza ukurasa. Hii mara hii. Akageuza tena. Ile ya juu tunagawanya kwa ile ya chini, si munaona? Nimefinya. Daftari zima ni hivyo. Namba zote zilibaki ubaoni, na mdomoni mwake haikutoka hata moja. Aliona haya pale mbele ya watoto kuliko siku yoyote ya kazi yake.

Siku zile zilizobaki alimfundisha Glodie asubuhi na mchana, tangu mwanzo, mpaka macho ya mtoto yakawa mekundu. Wapi! Matokeo yalipotoka, Glodie alianguka. Wiki ileile akachukua beseni, akamfuata mama yake kuosha mawe.

Jumapili moja, baada ya misa, tata Kankolongo akaja Manika na gunia la makala begani. Akalitua mlangoni, ni la kumshukuru prof aliyejisumbua kwa ajili ya mtoto wake. Akakataa kiti. Akatoa daftari ndani ya koti, akalishika kwa mikono miwili.

"Prof, unisamehe. Mi sikusoma sana, na mutoto alianguka mutihani juu ya makosa yangu. Unionyeshe basi, ni fasi gani niliandika mubaya?"

Polycarpe akaangalia daftari, akaangalia ubao wake ukutani, bado una chaki ya mwezi wa saba. Ukweli ulikuwa mfupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuusema.

"Hakuna fasi, tata. Uliandika yote."

Tata Kankolongo akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe. Basi ni kichwa ya mutoto ndiyo iko nguvu, haishikaki kitu."

Akafunga daftari, akaaga. Na Polycarpe, mtu wa mdomo, akamwacha aende.