Mama Amenipokonya Wanafunzi

Leo mama yangu amenipokonya wanafunzi, mchana kweupe!

Nilienda naye shule moja ya sekondari huku Bahati, ambako huwa najitolea kuwashauri wasichana kuhusu kazi.

Wambui wa Form Three akasema anatamani kuwa nesi, lakini akiona damu anazimia.

Nikamwambia, "Basi chagua kazi nyingine."

Mama, miaka themanini na tano, akainuka.

"Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua wa pareto kwa mzungu. Dresa wa zahanati ya shamba akajitolea kunifundisha kufunga vidonda. Siku ya kwanza nilizimia, nikamwangukia mgonjwa!"

Jamani, alikuwa nesi miaka thelathini na hajawahi kuniambia hiyo ya kuzimia!

Wambui alicheka hadi machozi. Akamshika mama mkono mpaka getini, wenzake wakiwafuata, wakipiga stori.

Mimi nikabebeshwa mkoba wa mama.

Nani mwingine mamake ako hivi?