Klipu ya Mwisho

Fundi anayewabadilishia watu rejeta za magari majumbani huku Kerege hufanya kazi akikupa mgongo. Klementina, mwenye gari, alisogea kushoto aone. Fundi naye akageuka. Klementina akasogea kulia, yakawa yale yale. Mtu asiye na la kuficha anageukageuka hivyo kwa nini? Hata akiongea, huongea chinichini, kama anainong'oneza injini. Rejeta mpya ilishakaa mahali pake, na kila alipofunga klipu moja ya mpira wa maji alijifuta mkono wa kulia kwenye suruali, akijifuta mno kwa mkono usio na grisi. Kisha likaja lile ambalo mtaa mzima humsifia: akamnyooshea bisibisi.

“Ya mwisho kaza mwenyewe, mama, roho yako itulie.”

“Ili ikivuja useme ni mimi?”

Alipoipokea ndipo alipouona ule mkono. Ulikuwa unatetemeka, na vidole viwili havikunjiki. Fundi akautia mfukoni upesi, akatazama barabarani. Klementina akaikaza klipu yake. Halafu, bila kuambiwa, akaijaribu ya kwanza. Ikazunguka kirahisi, ilikuwa imelegea, na fundi hakugeuka.