Wimbo wa Lori la Machungwa

Binti yangu anaishi Dar es Salaam, na anaamini kabisa kwamba mama yake hawezi kufungua kitu kwenye simu bila kushikwa mkono. Basi mwezi uliopita aliponitumia albamu mpya ya yule mwimbaji wetu mkongwe wa Tanga, aliituma pamoja na maelezo: bonyeza hapa mama, halafu subiri. Nikabonyeza, nikasubiri. Nyimbo ishirini, zile bora za maisha yake yote, kuanzia alipokuwa kijana wa suruali pana na gita la umeme mpaka hizi za juzi, ambazo sauti imekuwa nzito na pumzi fupi lakini bado inakufuata mpaka chumbani. Nilikuwa nachambua mchele. Niliuacha kwenye ungo, kuku wakala walichotaka, nami nimekaa tu natokwa na machozi kama mtu aliyekata vitunguu.

Nilisikiliza zote ishirini. Kisha nikairudia ile orodha kwa kidole, mstari mmoja mmoja. Wimbo wa lori haukuwemo.

Wewe kama ulikulia Tanga miaka ile, unajua nasema wimbo gani. Na kama hukukulia Tanga usijisumbue kuutafuta, haukupata kurekodiwa. Bendi iliupiga kwa miezi michache tu katika ukumbi wetu wa Ngamiani, lakini katika miezi hiyo hapakuwa na mtoto, fundi viatu wala karani asiyeuimba. Mpaka leo wazee wakikutana kwenye kahawa huanza kiitikio kwa pamoja, halafu beti zinawashinda, wanabaki kubishana. Binti yangu alinisomea maoni ya watu huko mtandaoni: albamu gani hii ya nyimbo bora isiyokuwa na wimbo bora? Wapo waliowatukana watengenezaji. Mimi nilinyamaza, maana najua kwa nini haumo. Nilikuwepo, na chanzo ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi mzaa mama, katika moja ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Bibi alizaliwa Kigombe, kijiji cha pwani, na mjini aliishi kwa kuuza vitumbua. Sijala tena vitumbua kama vile, na tafadhali usiniletee habari za hivi vya siku hizi vya unga wa dukani. Vya bibi vilianza mchana wa jana yake: mchele unalowekwa, nazi inakunwa, iliki inatwangwa, na yeyote aliyeingia jikoni kwa mazungumzo alipewa kazi. "Jikoni kwangu hakuna mgeni," alikuwa akisema, "kuna mikono." Siku moja mwalimu wangu alikuja kunishtaki kwa utoro. Alipewa kipepeo, akapepea moto mpaka akasahau nusu ya mashtaka.

Kati ya nyumba yetu na ukumbi palikuwa na barabara mbili tu, na bendi ilifanya mazoezi mchana. Sijui nikueleze vipi. Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zenyewe tulizianika juani ili zikubali kusema siku mbili zaidi. Mtangazaji alisikika kama mtu aliyetumbukia mtungini. Sasa umezoea hiyo, halafu siku moja umejipenyeza dirishani mwa ukumbi na gita la umeme linapigwa hatua kumi kutoka uliposimama! Nililihisi kifuani kabla halijafika masikioni. Na yule mwimbaji, mrefu, viatu vya kisigino, amefumba macho, anaimba kana kwamba ukumbi mzima hauna mtu. Niliamini, Mungu anisamehe, kwamba malaika nao huko juu wanavaa kola pana.

Wimbo ulisimulia bibi harusi wa Kigombe. Bwana harusi mtu mzima amekuja na ngoma na masinia ya vyakula, wazee wameshakaa kwenye mkeka, bibi harusi anatafutwa chumbani hayumo. Kumbe yuko barabarani, kapanda lori la machungwa la kutoka Muheza, kakaa juu ya shehena na hina yake mikononi, anamenya chungwa. Kiitikio kinamwuliza bwana harusi: machungwa yale matamu, au machachu? Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mimi beti zote nilizihifadhi kwa wiki moja, kazi iliyonishinda kwenye jedwali la kuzidisha.

Asubuhi moja bibi anageuza vitumbua, wateja wamepanga foleni uani, nikaona niwatumbuize. Niliimba wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na viuno nikavikata. Wateja walicheka, lakini walicheka wakitazama chini. Vitumbua vya bibi vilivyokuwa motoni viliungua vyote, yeye ambaye sikupata kumwona akiunguza hata kimoja. Baadaye nilipomwuliza kama ameudhika, alisema tu, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama," akanituma sokoni. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kwa wiki kadhaa ni mimi ninayetumwa sokoni. Yeye hatoki.

Jirani yetu ndiye aliyenifumbua macho, kwenye foleni ya bomba. Alinivuta sikio kwanza. "Mkuki kwa nguruwe, ee? Yule bibi harusi wa lori ni bibi yako weye, mpumbavu. Kigombe nzima wajua, na sasa mjini nako wajua. Akipita sokoni wanamwuliza, mama, leo waja kwa lori?"

Ndoo niliiacha palepale, nikakimbia mpaka ukumbini. Mazoezi yalikuwa yamepamba moto. Nilipita katikati ya wapiga magitaa kama mbuzi aliyekata kamba, nikasimama mbele ya yule mtu niliyekuwa nikimwogopa kuliko mwalimu mkuu, nikasema shikamoo, na kabla hajaitikia nikasema, "Bibi harusi wako ni bibi yangu, na hawezi tena kwenda sokoni." Kisha nikaangua kilio. Magitaa yakanyamaza moja baada ya jingine. Akaniuliza bibi anakaa wapi, nikamtajia namba ya barabara. Hakuniuliza zaidi.

Kesho yake alasiri tukasikia hodi. Sauti ile hata ingebisha kutoka Moa, kule mpakani, tungeijua. Aliinama asigonge kichwa, viatu akavivua mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia soksi mpaka nywele, akasema, "Mbuzi ile pale. Nazi zimeshavunjwa."

Basi yule niliyemdhania malaika akakaa juu ya mbuzi, magoti yamefika kidevuni, akaanza kukuna nazi. Alikuna vibaya kuliko mimi. Alishindilia mpaka kwenye kifuu, na uchafu wa kahawia ukadondokea kwenye nazi nyeupe.

"Usichimbe, baba," bibi akamwambia. "Chukua cheupe, cheusi kiache na kifuu chake."

Kisha, mikono yake mwenyewe imo ndani ya mchele, akamsimulia kilichobaki. "Wimbo wako waishia lori linapoondoka. Miye nilibaki juu ya lori. Nilirudi kwetu baada ya miezi minne. Baba yangu alinifungulia mlango, lakini kinywa hakunifungulia. Miaka kumi na moja, mpaka tukamzika, hakunena nami hata neno. Watu wakicheza huko ukumbini, miye nasikia mlango ule."

Mwimbaji alisimamisha mikono. Akasema alisimuliwa na mzee mmoja kama kichekesho tu, hakujua kuwa mwenyewe yu hai, akaomba radhi.

"Sikukatazi," bibi akamjibu. "Weye wapata kula kwa koo lako, miye kwa kikaango changu. Nimetaka ujue tu. Haya, niimbie basi. Nimeusikia kwa vitoto na kwa masengenyo, kwa mwenyewe bado."

Akauimba. Bila gita, bila ngoma, ameketi juu ya mbuzi na nazi mkononi, kwa sauti ya kumsikilizisha mtu mmoja. Nilikuwa naujua wimbo ule kuliko jina langu, na nakuapia sikuwa nimewahi kuusikia. Ubeti wa pili ndio wenye kicheko: msichana yuko juu ya machungwa, lori linakata upepo, ushungi umemwanguka mabegani, naye anacheka. Haitukani harusi wala hamdhihaki mtu. Anacheka kwa kuwa upepo unampiga usoni na hakuna anayemwambia afanye nini. Mwimbaji alipofika hapo, bibi akacheka. Sikupata kumsikia akicheka vile, kabla wala baada. Kilikuwa kicheko cha msichana wa miaka kumi na sita, kimetoka kwenye kinywa cha mzee mwenye mapengo mawili, jikoni kwetu, na mimi nikamwona. Wallahi nilimwona yule msichana.

"Hapo umesema kweli," alisema, anajifuta macho kwa pindo la kanga. "Aliyekusimulia alikuwepo."

Mwimbaji alimalizia nazi zote, akavaa viatu, akaaga. Wiki hiyohiyo bendi ilikuwa inakwenda Dar es Salaam kurekodi, na mtaa mzima ulijua kwamba wimbo wa lori ndio wa kwanza, ndio utakaowatoa. Walirekodi nyimbo nyingine. Waliporudi, watu wakawa wanaupigia kelele ukumbini, naye anatikisa kichwa tu na kuanza mwingine, mpaka wakachoka. Bibi akarudi sokoni na kikapu chake.

Bibi ameshafariki miaka mingi. Pale alipokuwa akipika sasa wanauza chaja na kava za simu. Ukumbi ni ghala la saruji. Picha ya bibi ninayo moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama anayegombana na mpiga picha. Ndiyo maana, rafiki yangu, niliposikia kwamba mzee atakuja Tanga kuizindua albamu, nilijitia moyo nikaenda, na nilikwenda na neno langu. Nilitaka kumwambia: mwenyewe hayupo tena, mimi ndiye damu yake, nakupa ruhusa, uimbe. Nilitaka bibi yangu asikike anacheka. Nilitaka hata wasiomjua wamwone kama nilivyomwona, kabla sote hatujaisha.

Uzinduzi ulikuwa mchana, kwenye ukumbi wa harusi, vile viti vya kuvalishwa nguo. Aliimba ameketi. Nyimbo tano tu, lakini ukumbi ulisimama tangu wa kwanza, na sisi watu wazima tulikuwa tunalia bila kuoneana haya. Kisha nyuma kukaanza kelele: "Lori! Lori!" Ukumbi mzima ukadakia. Akangoja mpaka wakatulia, akasogea kwenye kipaza sauti. "Ule haukuwa wangu," akasema. "Niliuchukua pasipo hodi, nikamrudishia mwenyewe."

Nilipopata nafasi nilimwendea, nikasema shikamoo, nikajieleza. Alinikumbuka kwa kilio changu. Nikamwambia lile neno langu: ruhusa ninayo, nakupa. Tena, nikamkumbusha, bibi hakukukataza.

"Ndiyo maana," akasema. "Angenikataza, pengine ningeuimba."

Miaka yote ile, mtu huyu alibeba kitu ambacho hakuna aliyemtwisha. Wimbo ambao ungemjengea nyumba alikuwa ameuacha jikoni kwetu, na hakuwahi kumwambia mtu ili asifiwe. Nimewaona watu wakubwa maishani mwangu, na baadhi yao wana barabara zinazoitwa kwa majina yao. Huyu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anatafuta miwani yake.

Kisha akaniashiria nisogee. "Umenitoka, unajua," akanong'ona. "Nimeunyamazia mpaka umenitoka. Kiitikio kipo, lakini ule ubeti wa pili, pale anapocheka... Weye ulikuwa ukiuimba pale dirishani, waujua wote. Unaanzaje vile?"

Alikuwa ameinamisha sikio kabisa. Ubeti ulikuwa ulimini mwangu, wote, mpaka pumzi aliyokuwa akiivuta kabla ya kuuanza. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa ajili ya huo tu. Nilifungua kinywa.

"Nami nimeusahau, mzee," nikasema.

Akatabasamu, akanipigapiga mkononi, akasema, "Vizuri, mama. Vizuri sana."

Nimerudi nyumbani na uongo wangu, na haunisuti. Yule msichana wa juu ya machungwa hana tena mtu wa kumwona ila mimi. Siku nitakayoondoka tutaondoka pamoja, yeye akicheka.