Kitu kilichokosekana kwenye picha ya Mwajuma

Leo shuleni nimeambiwa binti yangu ana akili ndogo.

Nawaandikia nyote huko nyumbani barua pepe hii hata koti sijavua. Nilitoka zamu kazini Woluwe, nikasinzia kwenye tramu mpaka shuleni kwake Uccle.

Mwanasaikolojia wa shule, mama mpole tu, akanionyesha picha waliyompimia Mwajuma: watu wanakula mezani. Mtoto aliulizwa ni kitu gani kinakosekana.

Akajibu, "Maji ya kunawa."

Kakosa. Jibu lao ni mguu wa kiti.

"Madame, kwetu hatugusi chakula bila kunawa," nikamwambia.

Akatabasamu, akaandika kitu.

Sikubishana. Nimechoka, jamani.

Nyie mngejibu nini? Maana kabla sijaambiwa jibu, na mimi niliitazama ile picha.

Nilikuwa natafuta birika.