Kiungio cha Kauri

Fundi wa stima ameteremka darini, nyumba yetu ya Mishomoroni, na kiungio cha nyaya cha kauri nyeupe. "Bibi, hivi siku hizi havitumiki. Nikitupe?"

Nikamwambia nipe. Kinanuka mpira ulioungua. Shule mimi niliiona mlango tu, lakini harufu hii naijua tangu utotoni.

Baba alikuwa hajafikisha siku arobaini tangu afe, mama yuko edani. Ami yangu, mdogo wake baba, akaja na koleo.

"Shika stuli," akaniambia.

"Abee." Nikaishika. Akapanda, akaanza kuzing'oa nyaya za nyumba nzima na kuzitia begani. Ni za ndugu yake, alisema.

Mama akamsemesha nyuma ya pazia. "Shemeji, niachie taa moja tu ya chumbani, hata nitoke eda."

"Mtu wa eda haendi popote. Taa ya nini?"

"Nimwone mwanangu."

Ami akacheka. "Mwanao ana domo, utamsikia."

Kiungio hiki kilimshinda, skrubu zimeshikana na mpira ulioungua. Akazikata nyaya pembeni, akakiacha darini, akaenda zake.

Maghribi ikaingia. Koroboi ilikuwa haina mafuta, chumba kikawa giza totoro. Mama akaniita. Sikuitika, kwa kuwa sauti ingenitoka na kilio. Akaniita tena. Kisha nikamsikia akitambaa kunitafuta, akapapasa stuli, akapapasa ukuta, hata akanifikia usoni, mkono wake ukarowa.